Bafu Moja na Nusu, na Mengine Tunayoyakosea Kuhusu Nyumba za Marekani

Mdogo wangu alipokuwa anatafuta nyumba ya kupanga Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, alinitumia tangazo na swali: "Hii bafu moja na nusu ndiyo nini? Hiyo nusu mtu anaoga mpaka kiunoni?" Nusu bafu ni choo na sinki tu, hakuna pa kuogea. Kwa kawaida kipo karibu na sebule, mgeni asilazimike kupita vyumbani kwa wenyewe.

Neno "masta" nalo linatuchanganya. Kwenye matangazo ya Dar es Salaam, masta ni chumba chochote chenye choo chake ndani, na nyumba inaweza kuwa na masta tatu. Kwa Wamarekani ni kile chumba kikuu cha kulala, na huwa kimoja. Wapo wanaoamini jina hilo limetokana na mabwana wa enzi za utumwa, ila maandishi ya mwanzo yanayotajwa sana yamo katika katalogi ya nyumba ya kampuni ya Sears ya 1926, utumwa ukiwa umekwisha zamani. Hata hivyo linawakera wengi, na mwaka 2020 chama cha mawakala wa nyumba cha Houston kililiacha.

Besimenti ndiyo imetiwa chumvi kuliko zote. Filamu zimetuaminisha kwamba kila nyumba ya Marekani ina chumba chini ya ardhi, tena cha kutisha. Florida ni nadra kukiona, maana sehemu nyingi ukichimba kidogo tu unakutana na maji. Kaskazini vimejaa, na sababu ni baridi. Udongo wenye maji ukiganda huvimba na unaweza kuinua msingi, kwa hiyo msingi unashushwa chini ya pale barafu inapofikia: Minnesota kanuni zinataka futi 3 na nusu kusini, futi 5 kaskazini. Ukishachimba hivyo, unaongeza futi chache unapata chumba kizima. Humo hakuna mazimwi. Kuna tangi la maji moto, tanuri la kupasha nyumba joto, mashine ya kufulia na maboksi ya mapambo ya Krismasi.

Ila usidhani ukitandika godoro humo tayari ni chumba cha kulala. Kanuni za ujenzi za majimbo mengi zinadai dirisha au mlango wa kutokea nje moto ukizuka, na kizingiti cha dirisha hilo kisizidi inchi 44 kutoka sakafuni. Na hatari si moto tu: Septemba 2021, mvua za mabaki ya kimbunga Ida ziliua watu 11 katika makazi ya chini ya ardhi New York, mengi yakiwa hayana kibali. Kabati la ukutani, ambalo madalali huapa kwamba bila hilo chumba si cha kulala, kanuni hizo hazilitaji kama sharti.

Na gereji? Si kwa fundi. Ni banda la gari, kwa jina. Watafiti wa chuo kikuu cha UCLA waliochunguza familia 32 za Los Angeles walikuta robo tatu ya gereji haziingiziki gari kwa kujaa vitu. Mdogo wangu ameshahamia. Gari lake linalala nje kwenye theluji, na ndani ya gereji kuna friji ya pili.