Meshi ni nini, na nyumba ipi inaihitaji?

Mwezi wa saba baridi ya Iringa huingia hadi mifupani. Nyumba ya mama mkubwa, kule Gangilonga, ilijengwa na watu walioijua baridi hiyo. Matofali ya kuchoma yamelazwa, kwa hiyo kuta ni nene, na kati ya sebule na vyumba vya kulala imesimama dohani ya jiko la kuota moto. Kila jioni nilimkuta koridoni, kitenge juu ya sweta, simu kaiinua usawa wa dirisha, anaongea na mwanawe aliyeko Dodoma huku picha ikiganda. Ruta, kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, ilikuwa sebuleni nyuma ya televisheni, hatua 12 tu kutoka aliposimama.

“Mwanangu, intaneti si tunalipia kila mwezi? Mbona chumbani haifiki?”

Intaneti ilikuwa imefika. Kisichofika chumbani ni waifai, na hivyo ni vitu viwili. Intaneti huja hadi mlangoni kwa waya wa faiba au kwa laini ya simu, na kasi yake ni ile ya kifurushi ulichonunua. Waifai ni mawimbi ya redio ambayo ruta inayatumia kuigawa intaneti hiyo ndani ya nyumba. Ukitaka kujua tatizo liko upande gani, simama karibu kabisa na ruta upime kasi. Ikiwa hata hapo ni ndogo, zungumza na anayekuuzia intaneti, kwa sababu hakuna kifaa cha ndani kitakachogeuza kifurushi cha kasi ya megabiti 20 kwa sekunde kuwa cha 50.

Ruta nyingi hurusha mawimbi ya aina mbili. Ya gigahezi 2.4 ni ya polepole lakini hupenya kuta vizuri zaidi, na ya gigahezi 5 yana kasi lakini huchoka mapema. Kila ukuta unameza sehemu. Mlango wa mbao na dari ya jipsamu humeza kidogo, tofali la kuchoma lililolazwa humeza sana, na zege lenye nondo, kama sakafu ya ghorofa, humeza zaidi. Bati na kioo kikubwa cha kabati huyarudisha mawimbi yalikotoka. Tangi la maji huyazima. Ndiyo maana huwa siulizi nyumba ina vyumba vingapi. Nauliza kuna kuta ngapi kati ya ruta na kitanda. Nyumba ya vyumba sita iliyogawanywa kwa mbao inaweza kutosheka na ruta moja, na ya vyumba vitatu vya matofali ya kulaza isitosheke.

Wauzaji wengi watakuonyesha ruta yenye antena sita. Mimi siinunui kwa sababu hiyo. Waifai ni mazungumzo ya pande mbili: ruta ikipaza sauti hadi chumba cha mwisho, simu nayo lazima ijibu kwa redio yake ndogo, na jibu hilo ndilo linaloishia ukutani.

Kifaa cha bei nafuu ni ripita, na ndicho tulichoanza nacho kwa mama mkubwa. Ripita ya kawaida husikiliza na kurudia kwa redio ileile, kwa hiyo kasi hushuka karibu nusu. Mara nyingi pia huja na jina lake la mtandao, na simu hung'ang'ania lile dhaifu hata ukiwa umekaa pembeni ya lile lenye nguvu. Mama mkubwa akawa na majina mawili ya kuchagua, na akarudi koridoni.

Hapo ndipo meshi inapoingia. Neno lenyewe lina maana ya wavu. Badala ya ruta moja kubwa, unaweka vituo viwili au vitatu vinavyojuana. Kimoja kimeungwa kwenye intaneti, vingine vinapokezana nacho, na vyote vinatumia jina moja na nywila moja. Ukitembea kutoka sebuleni hadi chumbani, simu inahama kutoka kituo hiki hadi kile bila wewe kugusa kitu. Simu yenyewe ndiyo inayoamua kuhama, na vituo vinaishauri tu, ndiyo maana simu ya zamani huchelewa. Viwango vya pamoja vya meshi, ambavyo kampuni yoyote inaweza kuvifuata, vipo, cha 802.11s tangu 2011 na EasyMesh tangu 2018, ila kampuni nyingi bado zina njia zao. Nunua vituo vya kampuni moja, vya familia moja ya bidhaa. Waifai 6, yaani kizazi cha sita cha waifai, inatosha nyumba zetu nyingi.

Kosa ninalolikuta sana ni kuweka kituo cha pili ndani ya chumba kisicho na mtandao. Kituo hakiwezi kugawa kisichokipata. Kiweke njiani, mahali ambapo mawimbi bado yana nguvu. Programu za kupima waifai huonyesha nguvu hiyo kwa namba hasi, na mimi hutafuta -67 au bora zaidi, yaani iliyo karibu zaidi na sifuri. Kwa mama mkubwa tulizunguka na simu hadi tukapata pembe ya koridoni ambayo, mlango wa sebule ukiwa wazi, inaiona ruta kwa kuikwepa dohani. Ruta nayo tuliitoa nyuma ya televisheni tukaipandisha juu ya kabati. Siku hizi anaongea na mwanawe akiwa kitandani, blanketi hadi kifuani.

Bora kuliko yote ni kuunganisha vituo kwa waya wa mtandao. Wa aina ya Cat5e hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, unapita juu ya dari, mbali na nyaya za umeme, na kasi haipungui njiani. Anayejenga sasa hivi Uyole au Mafinga apitishe paipu tupu ukutani kabla ya plasta.

Umeme ukikatika, kila kituo kinahitaji betri yake. Vingi hutumia volti 12, lakini soma kibandiko kwanza.

Vimebaki vyumba vya uani, ambako mawimbi yangepita kuta mbili nene na bati. Huko sitapitisha waya wa shaba. Kuanzia Novemba radi za nyanda za juu hizi ni nyingi, na shaba kati ya majengo mawili hubeba mshtuko wake hadi kwenye ruta. Tutaweka faiba, ambayo ni uzi wa kioo, kwa kuwa kioo hakibebi umeme, pamoja na kifaa cha kuiunganisha na waya wa kawaida kila upande. Mfereji wa paipu tumeanza kuuchimba wiki hii, ardhi ikiwa bado kavu.