Voskopojë na wale watu wake elfu sitini

Nimeulizwa tena, na safari hii aliyeuliza ni mwanafunzi wangu mwenyewe: "Mwalimu, si kweli kwamba Voskopojë ilikuwa jiji la watu 60,000, halafu likateketezwa siku moja?" Nilihesabu hadi kumi kimyakimya. Haikusaidia.

Voskopojë, au Moscopole kwa Waaromani (watu wa Balkani wenye lugha iliyotokana na Kilatini), ni kijiji cha kusini-mashariki mwa Albania, kama kilomita 20 kutoka Korçë, kwenye uwanda wa juu wenye mwinuko wa mita 1,160 hivi. Misonobari, malisho, baridi ya kukata masikio. Katika karne ya 18 palikuwa mji hasa: misafara ya sufu na ngozi, wakala Venice, kiwanda cha kuchapa vitabu vya Kigiriki, Akademia, yaani shule ya juu, tangu 1744, makanisa ya kumwaga. Hayo yote nayakubali.

Siikubali 60,000. Anayeitaja hajawahi kununulia ukoo mkubwa unga. Mtu mmoja, tuseme, anakula kilo 200 za nafaka kwa mwaka. Watu 60,000 watakula tani 12,000. Hakuna mto wa kupitisha mashua pale. Mzigo ulipanda kwa nyumbu (mtoto wa punda na farasi, si yule wa Serengeti), na nyumbu hubeba kilo 120 akiwa na afya na hajanuna. Gawanya mwenyewe: mizigo 100,000 kwa mwaka, zaidi ya 270 kila siku ya Mungu, theluji iwepo isiwepo, na hapo kuni na chumvi hatujazitaja. Mashamba ya palepale yangepunguza kiasi. Lakini yangepunguza kiasi gani, kwenye ardhi ile?

Sasa nijikosoe kabla hamjanikosoa. Hesabu yangu inamchukulia mtu kama amepigiliwa msumari. Waaromani walikuwa wafugaji: majira ya joto wako juu na kondoo, baridi ikikaza wanashuka nao tambarare. Wachukuzi nao wako njiani, na mwenye duka ana kaka yake Vienna. Je, huyo kaka ni mkazi? Mwenyewe angeapa kwamba ndiye. Ukihesabu Agosti unapata mji mmoja, ukihesabu Januari unapata mwingine. Ndiyo maana mimi nikibanwa husema "maelfu kadhaa, pengine zaidi ya kumi", kisha nasingizia simu inaita.

Hiyo "siku moja" nayo. Kulikuwa na uvamizi wa 1769, wakati Waosmani, watawala wa eneo hilo, wanapigana na Urusi. Mwingine wa 1788, ambao wengi humtwisha Ali Pasha, gavana wa Kiosmani wa Ioannina. Na 1916 kijiji kikachomwa tena. Utachagua siku ipi? Kamusi ya Kavalliotis, mwalimu wa Akademia ile, ya Kigiriki, Kiaromani na Kialbania ilitoka 1770, mwaka mmoja baada ya "mwisho". Kweli, ilichapwa Venice, wala si nyumbani, na hilo linauma kidogo hoja yangu.

Tazama pia ukoo wa Sina, wenye asili ya hapo. Georgios Sina, ambaye fedha zake zilisaidia kujenga daraja la minyororo la Budapest, alizaliwa 1783 huko Niš, Serbia ya leo, miaka mitano kabla ya uvamizi wa pili. Tajiri wa misafara hana shamba la kumfunga. Mali yake ni sufu iliyo njiani, hati za madeni na jina linaloaminika Vienna. Moto ukija, anahamia kwenye ncha ya pili ya njia yake. Ule mlima uliwafaa kwa malisho na kwa kuwa mbali na mabwana wa tambarare. Ulipoacha kuwafaa, hawakuwa na la kuwarudisha. Moto uliwasukuma, sikatai. Ila mlango walishauacha wazi.

Nendeni kanisa la Mtakatifu Nikola, lenye michoro ya David Selenica ya 1726. Msisimame katikati tu. Rudini kwenye kibaraza cha nje mtazame nyuso za watakatifu zilivyokwanguliwa. Kila mgeni huuliza ni jeshi gani lilifanya hivyo. Sogeeni karibu: mikwaruzo mingi ni majina ya watu waliopita tu, wakiwa na kitu chenye ncha na muda wa kupoteza.

Jana mwanafunzi ameniandikia: "Sawa Mwalimu, sasa kwenye insha niweke elfu ngapi?" Nimemwambia anitajie kwanza ni mwezi gani.