Kindi wa kijivu hawawaui wenzao kwa meno

Kwa miaka mingi watu nchini Uingereza wamesimuliana kwamba kindi wa kijivu, walioletwa kutoka Amerika Kaskazini na kuachiwa porini tangu 1876, waliwamaliza kindi wekundu wa huko kwa kuwashambulia. Si kweli. Ugomvi kati yao ni nadra. Mara nyingi hupishana tu mtini.

Kinachoua hakionekani kwa macho, nacho ni virusi vya ndui ya kindi. Kindi wa kijivu huvibeba kwa kawaida bila kuugua. Mwekundu akiambukizwa hutokwa na vidonda machoni, mdomoni na miguuni, hushindwa kula, na mara nyingi hufa ndani ya wiki mbili hivi. Hata pasipo virusi hivyo mgeni hushinda, ila polepole zaidi, kwa kuwa anameng'enya matunda ya mwaloni vizuri kuliko mwenyeji.

Italia inatoa picha tofauti kidogo. Huko Piemonte, mkoa wa kaskazini-magharibi, walikoachiwa mwaka 1948, kindi wa kijivu walikuja na mnyoo wa utumbo, Strongyloides robustus. Sasa mnyoo huo hupatikana pia kwa kindi wekundu wanaoishi karibu nao, na wenye kuambukizwa hupunguza pilikapilika zao.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba mgeni huja na vimelea vyote vya kwao. Wanyama wanaosafirishwa huwa wachache, hivyo vingi hubaki nyuma, na nafuu hiyo humsaidia kuzaana haraka.