Misaada ya mageuzi ni nini? Mfano wa Poland

Misaada ya mageuzi ni fedha, mikopo, nafuu ya madeni na utaalamu ambao nchi za nje huipa serikali inayobadili mfumo wake wa uchumi na utawala, kwa sharti kwamba mabadiliko yenyewe yafanyike kweli. Hapo ndipo inapoachana na unga wa wakati wa njaa au mahema ya baada ya mafuriko. Mfadhili analipia sheria mpya, benki kuu yenye uhuru wake, viwanda vinavyotoka mikononi mwa dola. Tawala za kikomunisti zilipoanguka Ulaya ya Mashariki mwaka 1989, misaada ya aina hii ilielekezwa huko, na nchi inayotajwa zaidi kuwa ilinufaika nayo ni Poland.

Serikali ya Tadeusz Mazowiecki ilishika madaraka Septemba 1989. Ilikuta maduka matupu, bei zinazopanda mwezi hadi mwezi, na deni la nje la zaidi ya dola bilioni 40, sehemu kubwa ikitokana na mikopo ya miaka ya 1970 iliyokusudiwa kununulia mitambo ya Magharibi. Waziri wa Fedha, Leszek Balcerowicz, aliamua kufanya karibu yote kwa mkupuo. Tarehe 1 Januari 1990 bei nyingi ziliachiwa soko, ruzuku zikakatwa, biashara ya nje ikafunguliwa, na zloti, sarafu ya Poland, ikashushwa thamani hadi 9,500 kwa dola moja.

Kushusha thamani ni rahisi. Kazi ni kuifanya fedha ibaki pale ulipoiweka. Watu wakihofu kwamba kesho itashuka tena, watakimbilia kununua dola leo, na kwa kukimbilia kwao itashuka kweli. Kwa hiyo nchi za Magharibi zilichanga mfuko wa kuimarisha sarafu wa dola bilioni 1, Marekani ikitoa milioni 200 kama ruzuku. Maana yake kwa wenye wasiwasi ilikuwa moja: benki ya taifa inazo dola za kuuza, hakuna haja ya kupanga foleni. Hofu ikatulia, kiwango kile cha 9,500 kikadumu hadi Mei 1991, na mfuko haukuguswa. Baadaye sehemu ya fedha hizo ilielekezwa kwenye kurekebisha mabenki ya Poland. Kwa maoni yangu huu ndio msaada uliofanya kazi kubwa kuliko yote, na ni ule ambao haukutumika kwa kazi uliyochangiwa.

Wa pili kwa uzito ni deni. Aprili 1991 Klabu ya Paris, yaani kundi la serikali zinazodai, ilikubali kuipunguzia Poland mzigo wa deni lake kwa nusu. Punguzo hilo halikutolewa lote siku moja: sehemu ilitangulia, iliyobaki ikasubiri hadi 1994, baada ya Poland kuonyesha kwamba inafuata mpango wake na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Masharti hufanya kazi hivyo. Humwambii mtu afanye nini tu, unabakiza kitu mkononi mpaka afanye. Marekani ilikwenda mbali zaidi ikapunguza asilimia 70 ya ilichokuwa inadai, na baadhi ya nchi zikakubali sehemu ya madeni yao igeuzwe kuwa fedha za kusafisha mito na hewa ndani ya Poland.

Msomaji wa Tanzania anaijua sura hii. Tanzania nayo iliafikiana na IMF mwaka 1986: shilingi ikashushwa thamani, ruzuku zikaondolewa, mashirika ya umma yakaja kubinafsishwa. Lakini mwaka 1988 nafuu kubwa iliyokuwapo Klabu ya Paris kwa nchi maskini kabisa ilikuwa theluthi moja, na Tanzania ilisubiri hadi 2001 kukamilisha mpango wa msamaha kwa nchi maskini zenye madeni makubwa. Poland haikuwa maskini zaidi. Ilikuwa nchi ambayo Magharibi hayakutaka kuiona ikirudi upande wa pili, na hilo ndilo lililoamua ukubwa wa msaada.

Sura inayosemwa vibaya zaidi ni ya utaalamu. Jumuiya ya Ulaya ilianzisha programu ya Phare, awali kwa Poland na Hungaria, na sehemu nzuri ya fedha zake za mwanzo iliwalipa washauri kutoka nchi zilezile zilizotoa fedha. Wapoland waliwaita brigedi ya Marriott, kwa jina la hoteli mpya ya ghorofa nyingi katikati ya Warsaw walikofikia. Kwenye hesabu za mfadhili, mshahara na hoteli ya mshauri ni msaada kwa Poland. Ofisa wa wizara aliyemwelezea mgeni wa tano mambo yaleyale aliyowaeleza wanne waliotangulia angeuandika vingine.

Kulikuwa na njia nyingine. Bunge la Marekani liliidhinisha dola milioni 240 kwa mfuko wa kuwekeza katika biashara binafsi za Poland, zikiwamo ndogo. Mfuko huo ulipata faida. Ukarudisha dola milioni 120 kwa hazina ya Marekani, na faida hiyo ikazaa taasisi iliyoanza kazi Poland mwaka 2000, inayofadhili elimu na miradi ya jamii.

Msaada huu wote haukufika kila mahali. Ukosefu wa ajira, ambao rasmi haukuwapo enzi za ukomunisti, ulivuka asilimia 16 mwishoni mwa 1993. Vijiji vilivyojengwa kuzunguka mashamba ya serikali viliachwa bila mwajiri mashamba yalipofungwa, na kuna maeneo hayakuinuka kwa miaka mingi. Mfuko wa kulinda sarafu haukuwa na la kumwambia mkamua ng'ombe wa huko.

Kilichoifanya serikali baada ya serikali, hata zile zilizoongozwa na wakomunisti wa zamani, zisirudi nyuma, ni mlango wa Umoja wa Ulaya. Poland iliingia tarehe 1 Mei 2004, na kabla ya hapo fedha za Phare zilikuwa zimeelekezwa katika kuitayarisha kwa hatua hiyo. Leo yenyewe ni mfadhili. Mwaka 2015 ilikubali kuikopesha Tanzania dola milioni 110 kwa masharti nafuu, nusu yake ikiwa ya matrekta ya Ursus yaliyokuja kuunganishwa Kibaha. Ursus, bila shaka, ilikuwa kampuni ya Poland.