Miswada ya Timbuktu haikuteketea yote

Bado wapo wanaoamini kuwa miswada ya kale ya Timbuktu, mji wa jangwani kaskazini mwa Mali, iliishia motoni Januari 2013, wapiganaji wa kijihadi waliokuwa wameuteka mji walipokuwa wakikimbia majeshi ya Ufaransa na Mali. Habari hiyo haikuzuka hivihivi. Taasisi ya Ahmed Baba, maktaba ya miswada mjini humo, ilichomwa kweli, na miswada ipatayo 4,000 ikapotea. Lakini sehemu kubwa haikuwapo tena mjini. Tangu 2012, mkutubi Abdel Kader Haidara na wenzake walikuwa wakiipakia usiku kwenye masanduku ya bati, wakaisafirisha kwa magari na baadaye kwa mitumbwi kwenye Mto Niger, ikielekea Bamako, mji mkuu ulio kusini.

Wasimuliaji wengi huishia hapo, kwa sababu utoroshaji unasisimua. Kwangu mimi, kazi ngumu ilianza baada ya kufika. Karatasi iliyozoea ukavu wa jangwa huota ukungu upesi kwenye unyevu wa kusini. Ikabidi ifutwe vumbi ukurasa kwa ukurasa, iorodheshwe, ipigwe picha na kutengenezewa visanduku vya kuihifadhi. Sehemu ya miswada hiyo ilianza kurudishwa Timbuktu Agosti 2025 tu.