Maana ya mmisionari katika Kanisa la Wamormoni

Watu wa nyanda za juu kusini mwa Tanzania wanamfahamu mmisionari kama mtu aliyekuja kukaa. Wamoraviani kutoka Ujerumani walipofika Rungwe mwaka 1891 walijenga makanisa na shule, wakajifunza Kinyakyusa na kutumikia kwa miaka mingi. Utumishi huo ulikuwa ndiyo kazi yao ya maisha. Mmisionari wa Kimormoni ni mtu wa namna nyingine. Kwa kawaida ni kijana ambaye hajaoa au hajaolewa, hana shahada ya teolojia wala mshahara, na anatumikia kwa muda uliowekwa, yaani miezi 24 kwa mvulana na miezi 18 kwa msichana, kisha anarudi nyumbani kuendelea na masomo, kazi au shamba.

Jina Wamormoni limetokana na Kitabu cha Mormoni, ambacho waumini hao wanakiheshimu kuwa maandiko matakatifu pamoja na Biblia, jambo ambalo makanisa mengi hayakubaliani nalo. Jina kamili ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Lilianzishwa na Joseph Smith katika jimbo la New York mwaka 1830, na makao yake makuu yako Salt Lake City, Marekani. Mwaka 2018 rais wa kanisa wakati huo, Russell M. Nelson, aliwahimiza waumini na watu wengine watumie jina kamili. Hapa ninalitumia lile fupi kwa sababu ndilo ambalo wasomaji wengi wamelisikia.

Utumishi huanza kwa wito. Kijana huzungumza na viongozi wa kanisa la kwao, hupimwa afya, hupeleka maombi, kisha husubiri barua. Hachagui nchi, wala hachagui lugha atakayofundishia, hivyo kijana wa Makambako anaweza kupelekwa nchi jirani au bara ambalo hakuna mtu wa ukoo wake aliyewahi kulifika. Wavulana wanaruhusiwa kuanza wakiwa na miaka 18, kwa mujibu wa tangazo la Oktoba 2012. Kabla ya hapo ilikuwa miaka 19. Kabla ya kuingia kazini wanapitia kituo cha mafunzo, kama vile kile cha Provo huko Utah au cha Accra nchini Ghana, kwa wiki chache, au zaidi kidogo kwa anayejifunza lugha mpya. Gharama huchangiwa na kijana mwenyewe na familia yake, na pale uwezo unapopungua upo mfuko wa kanisa unaosaidia.

Ukitaka kuelewa maisha yake ya kila siku, anzia kwa mwenza. Mmisionari hatumikii peke yake hata siku moja. Hupangiwa mwenzake wa jinsia ileile, ambaye mara nyingi ametoka nchi nyingine, na wawili hao huishi nyumba moja, hula pamoja, hutembea pamoja na kufundisha pamoja, kwa kufuata mfano wa Yesu aliyewatuma wanafunzi wake wawili wawili. Kanuni hiyo ina sababu za wazi: usalama wa vijana walio mbali na kwao, ulinzi dhidi ya vishawishi na dhidi ya kusingiziwa, na uwepo wa shahidi wa pili kwa kila linalofundishwa. Ina ugumu wake pia, na kwa maoni yangu ugumu huo unazidi ule wa kubisha hodi kwa watu wasiokujua. Mtu hakuchagua kuishi na huyu anayekoroma, au anayechelewa kuamka, au asiyejua kupika, na hawezi kuondoka kwenda kupunga upepo peke yake hasira ipoe. Ndiyo maana wanahimizwa kutenga muda kila wiki wa kuketi na kuambiana waziwazi yanayowakera. Uhamisho hupangwa na rais wa misheni, yaani kiongozi anayesimamia wamisionari wote wa eneo lake, na kwa kawaida hufanyika kila baada ya wiki sita, ingawa wenza wengine huendelea kuwa pamoja kwa vipindi kadhaa.

Kwa kawaida siku yenyewe huanza saa 12 na nusu asubuhi. Baada ya sala na mazoezi mepesi ya mwili, kila mmoja husoma maandiko peke yake, kisha wanajifunza pamoja na kupanga nani watamtembelea. Saa zinazobaki ni za kufundisha, kuwatembelea waumini, kuzungumza na watu barabarani au kwa simu, na kusaidia kazi za mikono pale zinapohitajika. Usiku wanalala saa 4 na nusu. Hakuna uchumba katika kipindi chote hicho. Siku moja ya wiki ni ya maandalizi, ambapo wanafua, wananunua mahitaji na kuwasiliana na nyumbani. Hadi mwanzoni mwa 2019 kijana alizungumza na wazazi wake kwa simu mara chache tu kwa mwaka. Tangu Februari mwaka huo anaruhusiwa kuwapigia kila wiki, na mzazi aliyeko Tukuyu anaweza kuuona uso wa mwanawe akiwa na bando.

Jambo ambalo lingemshangaza zaidi mwenyeji wa Mufindi au Rungwe ni chai. Wamormoni wanafuata agizo linaloitwa Neno la Hekima, la mwaka 1833, linalokataza pombe, tumbaku, kahawa na chai ya majani. Katika mikoa ambayo chai hupamba vilima na kahawa ya Mbozi ni riziki ya kaya nyingi, mgeni anayekataa kikombe huonekana kama ameikataa nyumba yenyewe, na ulanzi nao, yaani pombe ya mianzi, kule Iringa, una heshima yake katika kumkaribisha mtu. Hakuna dharau katika kukataa huko. Mchaichai hauna kizuizi, wala maziwa au uji, na kijana aliyelelewa Mufindi katika imani hiyo bila shaka anajua kulieleza jambo hili kwa upole kabla hajavuka mpaka wowote.

Anayekubali mafundisho hubatizwa kwa kuzamishwa majini, baada ya kuhojiwa na kuahidi kuzishika amri za kanisa, ikiwemo zaka. Watoto wachanga hawabatizwi. Umri wa chini ni miaka minane. Wamisionari wa kike wanafundisha sawa na wa kiume, lakini ubatizo hufanywa na mwanamume mwenye ukuhani, na mvulana wa miaka 19 mwenye ukuhani huo huitwa Mzee, hata na watu waliomzidi umri mara tatu.

Muda ukiisha, kijana huachiliwa rasmi na kiongozi wa kanisa la kwao. Hapewi cheo cha uchungaji wala kiinua mgongo. Akistaafu kazi miaka mingi baadaye, anaweza kuomba kutumikia tena, safari hiyo akiwa na mke wake kama mwenza.