Je, wajua kwa nini bendera ya taifa huondolewa juu ya jeneza mlangoni mwa kanisa?

Mwanajeshi Mkatoliki akifariki nchini Marekani, jeneza lake hufikishwa kanisani likiwa limefunikwa bendera ya taifa. Mlangoni msafara husimama. Askari huikunja bendera na kuiweka kando, padre hunyunyiza maji ya baraka, kisha ndugu wa marehemu hutandika kitambaa kipana cheupe juu ya jeneza. Ndipo linapoingizwa ndani. Misa ikiisha, kitambaa hutolewa palepale mlangoni na bendera hurudishwa. Asiyejua sababu huumia sana kuona hivyo, na anaweza kudhani padre amemdharau marehemu aliyelitumikia taifa lake.

Sababu imo katika kitabu cha ibada ya mazishi kinachotumiwa na Wakatoliki wa Marekani tangu 1989. Kinaelekeza kwamba wakati wa ibada, alama za Kikristo peke yake ndizo zikae juu ya jeneza au karibu nalo. Bendera za mataifa na nembo za vyama hazina nafasi. Zamani mambo hayakuwa hivyo. Rais John F. Kennedy alipoombewa misa mjini Washington tarehe 25 Novemba 1963, bendera ilibaki juu ya jeneza lake mbele ya altare. Ibada ya mazishi iliandikwa upya mwaka 1969, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki wa dunia nzima.

Kitambaa cheupe hukumbusha vazi la ubatizo, yaani marehemu anarudishwa kwa Mungu akiwa na kile alichoanza nacho. Tena kitabu kinatupeleka kwenye Waraka wa Yakobo, sura ya 2, panapokemewa tabia ya kumkalisha tajiri mwenye pete ya dhahabu mahali pazuri, huku maskini akiambiwa asimame kule. Jenerali, mpishi wa kambini na raia ambaye hajawahi kushika bunduki, wote hufunikwa kitambaa cha namna moja. Mimi naona hoja hii ina uzito kuliko zote. Bendera hutueleza marehemu alifanya nini kuliko wengine, na kwenye misa tunamwombea rehema kama mtu yeyote.

Heshima za kijeshi zenyewe zilizaliwa nje, kwenye uwanja wa vita, na huko nje ndiko zinakong'ara. Wimbo wa tarumbeta uitwao Taps ulitungwa Virginia mwaka 1862, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Mwaka huohuo Kapteni John Tidball alikuwa na askari wa kuzika. Desturi ilikuwa kupiga bunduki mara tatu, lakini adui alikuwa karibu na angeweza kudhani mapigano yameanza tena. Akaamuru tarumbeta ipigwe badala yake. Leo wimbo huo hupigwa makaburini, bendera ikikunjwa na kukabidhiwa familia. Tangu mwaka 2000 sheria ya Marekani inataka askari wasiopungua wawili wafike kufanya hivyo, familia ikiomba.

Waanglikana wa Uingereza wana njia nyingine. Katika mazishi ya Malkia Elizabeth II, tarehe 19 Septemba 2022, bendera ya kifalme na taji viliingia hadi ndani ya kanisa la Westminster Abbey, London. Lakini jioni ile katika kanisa la Windsor alikozikwa, kabla jeneza halijashushwa kaburini, taji, tufe na fimbo ya enzi viliondolewa juu yake na kuwekwa altareni.

Kwa Waislamu, sanda nyeupe inatosha. Mus'ab bin Umayr, aliyekuwa mshika bendera wa Waislamu katika vita vya Uhud mwaka 625, aliuawa akiwa hana ila shuka moja fupi. Wakimfunika kichwa, miguu inabaki nje; wakifunika miguu, kichwa kinabaki wazi. Mtume Muhammad (S.A.W.) akaagiza afunikwe kichwa, na miguuni yawekwe majani ya idhkhir. Akazikwa hivyo, kijana aliyelelewa Makka katika nguo za fahari.

Kwetu Afrika Mashariki ugumu uko kwenye viwanja vya michezo. Rais mstaafu wa Kenya, Mwai Kibaki, Mkatoliki, aliagwa katika uwanja wa Nyayo, Nairobi, tarehe 29 Aprili 2022. Jeneza lililetwa juu ya gari la mzinga likiwa na bendera. Uwanjani hotuba za viongozi, gwaride na sala hupita mahali pamoja, na hakuna mlango wa kutenganisha ya serikali na ya kanisa. Ningependa maaskofu na maofisa wa itifaki wapatane mapema: msafara wa kijeshi ufike na bendera yake, kisha kabla padre hajaanza misa, askari waikunje na familia itandike kitambaa cheupe. Familia ielezwe siku kadhaa kabla, nyumbani kwake, na padre mwenyewe.